Ploti iliyokuwa kituo cha petroli Malindi: tupime kwanza, au tujenge tu?

*"Asalaam aleikum mtaalamu. Marehemu baba ametuachia ploti Malindi mjini, nyuma ya barabara ya Lamu. Tangu miaka ya themanini alikuwa akiikodisha: kwanza kwa mtu wa kituo cha petroli chenye pampu mbili, kisha kwa mafundi wa magari. Sasa ni zaidi ya miaka kumi imekaa bure, miarobaini imejiotea na watu wanatupa taka. Mimi na ndugu zangu tunataka kujenga fleti za kupangisha na kuchimba kisima chetu wenyewe, maana maji ya mfereji hayana uhakika. Kontrakta anasema tuchote udongo wa juu futi tatu, tumwage kifusi kipya, basi. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye ameahidi kuyatoa matangi yaliyozikwa bila kutudai kitu. Kisima cha jirani, hatua chache kutoka ukuta wetu, kina maji ya chumvi kidogo lakini hayanuki petroli, na wapangaji wake wanayatumia. Kaka yangu anasema petroli huruka hewani, miaka kumi ni mingi, tusijitafutie matatizo. Je, kuna haja ya kupima? Na tukipima tukakuta uchafu, NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, si itatufungia ploti?"*

Waaleikum salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu.

Nianze na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja na yeye hangoji. Mwambieni asiguse tangi hata moja. Watu hudhani tangi tupu la petroli ni salama, kumbe ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa lina mafuta mengi na hewa kidogo. Lililobaki na tope la mafuta sakafuni na kutu iliyolowa lina mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, unachongoja ni cheche tu. Fundi akileta gesi ya kukatia pale, msiba umeingia. Hata bila moto, anayeshuka ndani kusafisha anaweza kuzirai kabla hajaita mtu, na anayemfuata kumwokoa akaanguka palepale. Ni kifo kilekile cha wachimba vyoo na visima. Matangi hutolewa na watu wa kazi hiyo, baada ya mvuke kuondolewa na kupimwa kwa mashine. Tena udongo ulio chini ya tumbo la tangi ndio unaotuambia kama lilivuja. Mtu wa chakavu akishang'oa na kufukia kwa kifusi, ushahidi huo umekwenda.

Sasa tuje kwa kaka yako. Ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu tumpe. Petroli iliyomwagika juu ya ardhi, juani, hukauka kweli. Hata chini ya ardhi kuna bakteria wanaokula mafuta, na madoa mengi ya zamani hupungua yenyewe mwaka baada ya mwaka. Lakini mafuta yaliyovuja chini ya sakafu ya zege, mita tatu kwenda chini, hayaoni jua wala upepo, na bakteria wakishamaliza oksijeni iliyopo huko, kazi yao hupungua kasi sana.

Halafu kuna vitu ambavyo bakteria hawavili kabisa. Kituo cha miaka ya themanini kiliuza petroli iliyotiwa madini ya risasi. Kenya, pamoja na nchi nyingine za kusini mwa Sahara, iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Risasi haiozi wala hairuki hewani. Iliyoingia udongoni mwaka 1985 ingalipo hadi mtu aje aizoe. Na mimi, nikiambiwa nichague, naiogopa gereji kuliko pampu. Mwenye pampu ana kila sababu ya kulinda mafuta yake, kwani kila lita inayovuja ni hasara kwake. Fundi wa gereji yuko kinyume chake, anavyotaka kuondoa ndivyo vinavyomwagwa: oili chafu, tindikali ya betri, rangi, vimiminika vya kuoshea vyuma vyenye grisi. Oili chafu nyingine huuzwa ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa, iliyobaki huishia pembeni ya ukuta au ndani ya lile handaki ambalo fundi husimama chini ya gari. Baadhi ya vile vimiminika vya kuoshea vyuma ni vizito kuliko maji, kwa hiyo haviishii juu ya maji ya ardhini kama petroli. Huzama hadi chini kabisa, mahali ambapo sampuli ya juujuu haivikuti.

Ukitaka kujua betri zinaweza kufanya nini, mfano wa karibu nasi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza risasi mtaani na wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Gereji ya mafundi wachache si kiwanda, sitaki nikutie hofu isiyo na kipimo. Ila mtoto anayecheza kwenye vumbi na kulamba vidole hajui vumbi limetoka wapi.

Nieleze sasa kinachotokea chini, kwa sababu ukilielewa hili utaweza kumjibu kontrakta mwenyewe. Chini ya mji wa Malindi, ukishavuka mchanga na udongo wa juu, unakutana na mwamba wa matumbawe. Mwamba huu una matundu, nyufa, hata mapango madogo, na maji hayapiti ndani yake taratibu kama yanavyochujika mchangani. Hukimbia kwenye njia zake. Mafuta yakivuja kutoka tangini hushuka wima, yakiacha mengine yamenata kwenye kila chembe ya udongo, hadi yafike kwenye maji. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na kutandaa. Kutoka kwenye utando huo sehemu ndogo huyeyuka na kusafiri na maji, kwa kawaida kuelekea baharini, na sehemu nyingine hugeuka mvuke na kupanda juu kupitia udongo.

Kwetu pwani kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya bara hulisahau, nalo ni bahari. Maji kwenye visima vya karibu na ufuo hupanda na kushuka yakifuata kujaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua (kujaa na kupwa kunapokuwa kukubwa zaidi), na mwamba wenye matundu husafirisha mwendo huo mbali kuliko mchanga. Kila yanapopanda huinua mafuta, kila yanaposhuka huyaacha yamejipaka. Umeziona nguzo za gati la Malindi zilivyo na ukoko kuanzia maji madogo hadi maji makubwa? Chini ya ploti yenu, kama tangi lilivuja, kuna mstari wa namna hiyo, ila ni wa mafuta, na unene wake unategemea bahari. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana safi siku moja na kuwa na utando siku nyingine, bila mtu yeyote kumwaga kitu.

Kwa hiyo futi tatu za kontrakta. Matangi ya vituo huzikwa kiasi kwamba mgongo wa tangi wenyewe huwa karibu mita moja chini, na tumbo lake hufika mita tatu au zaidi. Akichota futi tatu, atakuwa amefika kwenye mgongo tu! Kule yalikovujia mafuta hajagusa. Atakuwa ameondoa taka, vumbi la gereji na pengine doa la oili chafu, na hilo lina faida yake kwa sababu ya risasi, lakini petroli iliyo juu ya maji itabaki ilipo na mvuke wake utapanda kupitia kifusi kipya bila kubisha hodi. Kisha utakuwa umeujengea paa. Ardhi wazi hupumua. Mvuke ukitoka hutawanyika. Ukimwaga zege juu yake, mvuke hutafuta nyufa, mabomba ya choo, tundu za nyaya, ukaingia chumba cha chini ambamo mtu analala na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Na swali jingine ambalo kontrakta hakuulizwa: huo udongo alioutoa ataupeleka wapi? Ukiuzwa kama kifusi utakwenda kujaza uwanja wa mtu mwingine, au timbo la zamani ambalo maji yake yanakutana na ya watu.

Sasa harufu. Umesema kisima cha jirani hakinuki petroli, na wengi hutulia hapo. Kiungo cha petroli tunachokihofia zaidi ni benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu kwa watu wanaoipata kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ulimi wa binadamu huanza kuihisi ikiwa imeshazidi kikomo hicho mara hamsini hivi, na pua huchelewa zaidi. Piga hesabu pamoja nami: lita moja ya petroli yenye benzeni asilimia 1 ina gramu 8.8 hivi za benzeni. Zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha kwenye kikomo zaidi ya lita laki nane za maji. Lita moja tu. Kwa hiyo harufu ikiwepo ni ushahidi, lakini isipokuwepo haijasema kitu.

Kuchemsha je? Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi huiondoi kwa kuchemsha, unaiongezea makali kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Benzeni itaruka, ni kweli, ikaingie kwenye hewa ya jikoni kwako. Dawa ya klorini nayo haina kazi na mafuta.

Mtakapoukagua uwanja mnaweza kuona maji yaliyotuama yana utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, mkashtuka. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vipande na vikabaki vimeachana, mara nyingi hao ni bakteria wa chuma, hawana neno. Ukifunguka kijiti kinapopita kisha ukajirudi na kuungana, hayo ni mafuta.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, pimeni. Lakini msikimbilie maabara. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchota udongo kwenye mfuko wa plastiki, kutoka pale alipoona pamechafuka, akalipia vipimo kumi na kurudi na karatasi isiyosema lolote. Maabara hujibu swali uliloliuliza tu. Ukipima risasi mahali palipokuwa na dizeli utaambiwa pako safi, na maabara haijakudanganya.

Kazi ya kwanza ni historia, na hii inahitaji miguu na mdomo kuliko fedha. Fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi mjue ploti ilikodishwa kwa nani na kwa miaka gani. Tafuteni mikataba ya baba kwenye masanduku yake, maana karatasi hizo zitawafaa tena baadaye. Kaunti inaweza kuwa na kumbukumbu za leseni za biashara na michoro iliyopitishwa. Idara ya upimaji ya serikali ina picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni, na picha za setilaiti za miaka ya karibuni mtaziona hata kwenye simu. Ila nikiambiwa nichague chanzo kimoja, nitamchagua mzee aliyekuwa akijaza mafuta pale, au fundi aliyeanza utoto wake kwenye gereji ile. Mpelekeni uwanjani, mkae naye kwenye kivuli, mumwache aoneshe kwa kidole: tangi la petroli lilikuwa hapa, la dizeli pale, bomba lilipita huku, betri zilimwagwa nyuma ya choo, mwaka fulani mafuta yalipotea na hakuna aliyejua yalikwenda wapi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mnayoitafuta. Msimuulize kana kwamba mnamshtaki, hatasema.

Mkiwa hapo, tembeeni ploti nzima. Tafuteni mabomba membamba yaliyosimama wima kando ya ukuta, ndiyo yaliyokuwa yakipumulia matangi. Tafuteni vifuniko vya chuma sakafuni, viraka vya zege vyenye rangi tofauti, handaki la fundi lililofukiwa, mahali ambapo nyasi hazioti hata baada ya mvua za masika. Chorea yote kwenye karatasi moja. Pia wekeni alama visima na vyoo vyote vya majirani, kwa sababu mjini kwetu nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya maji machafu, na huo nao ni uchafu wa maji ya ardhini, tena ulioenea kuliko petroli.

Mkishakuwa na mchoro huo, hapo ndipo mtaalamu aje, na hili halifanywi kwa maelezo ya mbali. Mnahitaji mwanajiolojia wa maji au mtaalamu wa ardhi zilizochafuliwa, si mtu wa kuandika ripoti tu. Nimeshaziona ripoti zilizonakiliwa mpaka jina la mji wa awali likasahaulika kubadilishwa ukurasa wa kati. Mpimeni kwa maswali. Mwulizeni atachimba matundu mangapi na kwa nini hapo. Akiwajibu bila kuutazama mchoro wenu, tafuteni mwingine. Anayejua kazi atataka udongo wa chini ya matangi, wa njia za mabomba, wa handakini na wa kona ya betri, na atachukua pia mahali panapoaminika pasafi ili pawe pa kulinganishia. Atachukua kwa vina tofauti, si wa juu pekee. Atakuwa na kifaa cha mkononi cha kupima mvuke, ili kila udongo unaotoka ajue palepale kama aendelee kushuka au asimame.

Kwa maji, mwulizeni juu ya visima vya uchunguzi. Vitatu ndiyo idadi ya chini, kwa sababu kwa viwili huwezi kujua maji yanaelekea upande gani. Kichujio cha kila kisima lazima kivuke usawa wa maji, kiwe juu kidogo na chini kidogo, kwani mafuta yanaelea. Ukiweka kichujio chini sana utachota maji safi yaliyo chini ya utando na kujipongeza. Na mwulizeni atapima wakati gani wa maji. Akikosa kulielewa swali hilo, hajafanya kazi pwani. Usawa wa maji upimwe katika mzunguko mzima wa kujaa na kupwa, na sampuli zichukuliwe angalau mara mbili, mara ya bamvua na mara ya maji mafu (kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo).

Sampuli zenyewe zina adabu yake. Maji ya kupimwa benzeni hutiwa kwenye vichupa vya kioo, vikajazwa pomoni pasibaki hata povu moja la hewa, vikawekwa kwenye barafu na kufika maabara ndani ya siku chache. Mkimwona mtu anachota kwa chupa ya soda na kuiweka nyuma ya pikapu juani, mlipeni nauli arudi kwao, benzeni imeshamtoroka. Maabara iwe na ithibati ya KENAS, shirika la Kenya linalothibitisha uwezo wa maabara, na ithibati hiyo iwe kwa kipimo hichohicho mnachokitaka, maana inaweza kuwa nayo kwa vijidudu na isiwe nayo kwa mafuta. Ombeni mafuta ya petroli kwa jumla, benzeni na nduguze, risasi na metali nyingine, na vile vimiminika vizito vya kuoshea vyuma. Kwenye maji ongezeni chumvi, naitreti na bakteria wa kinyesi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha risasi kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, cha naitreti ni miligramu 50.

Kwenye udongo, someni ripoti imetumia viwango vya nani. Wataalamu wengi hapa huazima vya Uholanzi au vya Marekani, na havifanani hata kidogo: Uholanzi huhesabu miligramu 530 za risasi katika kilo moja ya udongo kuwa kiwango cha kuchukuliwa hatua, ilhali mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango chake cha makazi kutoka 400 hadi 200. Udongo wenye 350 utakuwa umefaulu kwa mmoja na kufeli kwa mwingine. Kwa nyumba za familia, mimi nachukua kile kikali.

Matokeo yakija mabaya, hamjaipoteza ploti. Hapa nitasema wazi ninavyoona: nyumba inaweza kuokolewa na mchoro mzuri, kisima hakiokoleki. Hata kama petroli haipo, kisima cha kunywa katikati ya vyoo na juu ya matumbawe ni kamari. Ule umbali wa mita 30 kutoka chooni unaotajwa sana ulifikiriwa kwa ardhi inayochuja, na mwamba wenye nyufa hauchuji. Tena kuna bahari. Karibu na ufuo, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na kanuni ya zamani inasema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi chini yake. Basi mkishusha maji kwa mita moja kwa pampu ya kunyonyea fleti nzima, chumvi inaweza kupanda mita 40 hivi kutoka chini. Chumvi ya kisima cha jirani ni dalili kwamba mpaka huo hauko mbali. Na pampu yenu, kama kuna utando wa mafuta kwa jirani au kwenu, itauvuta uje kisimani. Kwa hiyo pangeni maji ya mfereji yanayotoka Baricho, tangi kubwa la akiba, na gata za kuvunia mvua ya masika. Mkishikilia kuchimba, Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mtaalamu wa maji atawaambia kama panafaa.

Kwa nyumba, mambo yako mengi. Udongo ulioshika mafuta mazito au risasi huchimbwa na kusafirishwa na mwenye leseni ya NEMA ya kubeba taka, kwenda mahali panapokubaliwa, na stakabadhi mbaki nayo. Udongo wa petroli nyepesi unaweza kutandazwa juu ya turubai zito, ukageuzwa na kutiwa unyevu hadi bakteria waumalize; ni njia ya bei nafuu ila inataka nafasi, muda na kutokuwa na haraka. Pale palipobaki uchafu kidogo wa chini, chora jengo upya: ghorofa ya chini iwe wazi ya kuegesha magari, upepo wa bahari upite, vyumba vya kulala vianze juu. Mvuke unaotoka ardhini hapo haumkuti mtu. Chini ya sakafu pakawekwa tandiko maalumu la kuzuia mvuke, na kona mbaya zaidi ikafunikwa zege ili mvua isioshe risasi kwenda chini. Nawapendelea mpango huu kuliko kuchimba kila kitu, kwa sababu kuchimba matumbawe hadi chini ya usawa wa maji ni gharama isiyo na mwisho. Lakini ni lazima msanifu aambiwe kabla hajachora. Lekkerkerk, mji mdogo wa Uholanzi, walifanya kinyume: nyumba zilijengwa kwanza, na mwaka 1980 ndipo ilipogundulika kwamba chini yake kulizikwa mapipa ya taka za kemikali. Mamia ya watu walihamishwa na udongo ukachimbwa chini ya nyumba zilizokwisha kukaliwa.

Ama NEMA, naielewa hofu yenu. Sheria ya mazingira ya 1999 imesimama juu ya kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe, na NEMA inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Ndiyo maana nikasema mikataba ya kukodisha mwitafute: inaonyesha nani alikuwa akifanya nini, mwaka gani. Mpeni wakili aione. Anayejitokeza na vipimo na mpango wa kusafisha yuko mahali pazuri kuliko aliyejua akamwaga zege juu yake, kwa sababu huyo wa pili, mpangaji wake akiugua au kisima cha jirani kikiharibika, anaweza kuhesabiwa naye miongoni mwa waliochafua. Fleti zenu zitahitaji ripoti ya mazingira kwa vyovyote, lakini msiitegemee hiyo peke yake: nyingi huuliza mradi utaifanyia nini ardhi, na hazichimbi kujua ardhi ilishafanyiwa nini. Mwambieni mtaalamu mapema kwamba hilo la pili ndilo mnalolitaka, na liandikwe kwenye mkataba wake.

Kama mtu ataanza kuchimba msingi au choo kabla ya haya yote na harufu ya petroli ikatoka, kazi isimame papo hapo, sigara na jenereta zizimwe, watu watoke shimoni, na apigiwe mtu wa zimamoto wa kaunti. Na kama kuna watoto wanaocheza kwenye ploti ile, hasa upande wa gereji, wazuieni leo. Waliocheza humo kwa miaka wapelekwe hospitali wapimwe risasi kwenye damu. Dalili zake kwa mtoto hazionekani kwa macho.

Limebaki la jirani. Msisubiri majibu ya maabara ndipo mseme naye. Nendeni kama majirani, mkae barazani, mumweleze kwamba palikuwa na matangi na mnapanga kupima, na mwombe ruhusa kisima chake kiwe cha kwanza kuchukuliwa sampuli, kwa gharama yenu. Wakati huo wapangaji wake watumie maji yale kwa kusafishia sakafu na chooni, ya kunywa na kupikia wachukue ya mfereji au ya kununua. Afisa wa afya ya umma wa kaunti naye ajulishwe, kwa sababu akikuta tatizo anaweza kuanzisha hatua za kukifunga kisima, nyinyi hamwezi.